Ukaguzi wa Asubuhi

Kila asubuhi, kabla hata chai haijamiminwa, mzee alikuwa akikaa kwenye kiti chake cha dirishani, anavua soksi, anapandisha miguu yote miwili juu ya stuli iliyotandikwa taulo jeupe, kisha anaita kwa sauti ya mtu anayezijua haki zake:

"Mkaguzi! Mzigo uko mezani!"

Mkewe alitoka jikoni akijifuta mikono, akavuta kigoda, akaketi mbele ya ile miguu kama mtu anayeketi kazini. Na kweli ilikuwa kazi. Hilo jina la Mkaguzi hakupewa kwa mzaha. Miaka ishirini na minane alikaa kwenye meza ya mwisho ya kiwanda cha mashati, meza ambayo shati likifika, ama linakunjwa na kutiwa kwenye boksi, ama linarudi kwa aliyelishona pamoja na maneno yasiyopendeza. Kola, mabega, mikono, vifungo, pindo. Alianza palepale kila siku na kumalizia palepale, asiruke hata mara moja, na washonaji walimwogopa kuliko walivyomwogopa meneja. Walisema mama yule anauona uzi uliolegea kabla haujalegea.

Kwa miguu ya mumewe alifuata utaratibu uleule. Kisigino, wayo, kando ya nje, kando ya ndani, vidole, katikati ya vidole, kucha. Mguu wa kulia kwanza, halafu wa kushoto. Akimaliza alipiga kofi dogo juu ya goti la mzee na kusema, "Imepita."

"Yote miwili?" mzee aliuliza, ingawa jibu alilijua.

"Yote miwili. Vaa soksi, chai inapoa."

Basi mzee akavaa soksi kwa shida, akihema, kwa sababu kiuno chake kilikuwa kimekakamaa kama mlango uliovimba kwa mvua. Kuinama akatazama nyayo zake mwenyewe ilikuwa haiwezekani tena. Na hata angeweza kuzitazama, kuzihisi hakuweza. Miguu ilishakufa ganzi mpaka kwenye vifundo. Siku moja aliingia sebuleni na kandambili moja, ya pili ameiacha mlangoni, akazunguka nyumba nzima hana habari, mpaka mkewe alipoangua kicheko.

Ugonjwa wa sukari waliuanza pamoja, mwaka mmoja, miezi miwili ikitofautiana, na mzee alipenda kuwaambia watu kwamba ndoa yao imefikia hatua ya kugawana mpaka maradhi. Kwake yeye sukari iliteremka miguuni. Lilikuwa tusi hasa, maana miguu ndiyo iliyomlisha. Alikuwa msoma mita za maji. Maisha yake yote alitembea nyumba hadi nyumba, anafunua vifuniko vya chuma, anainama, anasoma namba, anaandika, anaendelea. Mitaa yote aliijua kwa kukanyaga. Sasa safari yake ndefu ilikuwa kutoka kitandani hadi kwenye kiti cha dirishani, mkongojo mkononi, akisimama katikati kupumua kana kwamba amevuka mlima.

Muuguzi wa kliniki ya sukari, binti mmoja mchangamfu mwenye haraka nyingi, ndiye aliyewaeleza habari ya miguu. Aliwaambia kwamba mguu usiohisi ni mguu usiolalamika, kwa hiyo lazima awepo mtu wa kuulalamikia.

"Babu, nyumbani nani atakuangalia miguu kila siku?"

Mzee alicheka mpaka akakohoa. "Mwanangu, hebu mtazame huyu bibi. Huyu ameangalia mashati ya nchi nzima. Miguu miwili itamshinda?"

"Basi vizuri. Wale wasio na mtu huwa tunawaambia waweke kioo sakafuni, mtu anakanyaga juu yake na kujitazama mwenyewe."

"Kioo cha nini na mimi nipo?" Mkaguzi aliuliza, na aliuliza kwa ukali kidogo, kama mtu aliyeambiwa kwamba mashine inaweza kuchukua kazi yake. Muuguzi akacheka, akaandika kitu kwenye kadi, akaita mwingine. Habari za kioo zikaishia pale.

Hiyo ilikuwa miaka mitatu kabla. Wakati ule Mkaguzi alikuwa anaona.

Macho hayakuharibika kwa siku moja. Yangeharibika kwa siku moja angepiga kelele, watu wangekuja, mambo yangejulikana. Yalimwibia kidogokidogo. Kwanza ikawa kama utando wa buibui unaoelea mbele yake, akaufukuza kwa mkono, haukufukuzika. Akasafisha miwani kwa pindo la gauni. Akainunia taa. Akayalaumu mawingu. Halafu asubuhi moja, mvua za mwaka zikiwa hazijaanza bado, aliketi kwenye kigoda chake, akaushika mguu wa kulia wa mumewe, akautazama, na hakuona mguu. Aliona kitu cha kahawia juu ya kitu cheupe, basi. Pale ambapo zamani aliona kila mfereji wa ngozi na kila unywele, palikuwa na ukungu.

Akausogeza karibu na uso, akausogeza mbali, ukungu ukabaki uleule.

"Vipi, kuna kasoro?" mzee aliuliza kutoka juu.

Na yeye, kwa mazoea tu, kwa sababu ndilo neno ambalo ulimi wake ulilizoea wakati kama ule, akasema, "Imepita."

Tusiwe wepesi wa kumrushia mawe. Siku hiyo alijiambia kwamba ni uchovu, kesho ataona. Kesho yake hakuona. Keshokutwa akajiambia kwamba mkono unatosha. Na hapo palikuwa na ukweli kidogo, ndiyo maana alijidanganya kwa urahisi. Kiwandani, wakaguzi wazoefu hawakutegemea macho peke yake. Shati lilipita mikononi, na vidole viliuambia ubongo: hapa pana fundo, hapa mshono umeruka, hapa kifungo kinacheza. Yeye mwenyewe aliwafundisha wasichana wapya kufumba macho na kupapasa kola mpaka waiseme kasoro yake. "Mkono una macho," aliwaambia. Sasa akaanza kuyaishi maneno yake mwenyewe. Alipapasa kisigino, akapapasa wayo, akapitisha kidole katikati ya vidole kimoja kimoja, huku uso ameuinamisha kama anayetazama, ili mzee asishtuke.

Ila kasoro ya shati hujitokeza. Uzi husimama, fundo hutuna. Kasoro ya mguu wa mgonjwa wa sukari inaweza kujificha chini ya sugu, ikala kwa ndani, juu pakabaki pagumu na pakavu kama siku zote. Isitoshe, ncha za vidole vya Mkaguzi nazo zilikuwa zimeanza kupoteza hisia, kwa sukari ileile. Hilo alilijua pia. Alilijua akalifumbia macho, macho yasiyoona.

Sasa mtu atauliza, kwa nini asiseme? Ni neno moja tu. Sioni. Kliniki walishamwita kupima macho mara mbili, na mara zote mbili alisema kichwa kinamuuma akabaki nyumbani, mzee akapelekwa peke yake kwa gari la jirani, na kadi zote mbili.

Sababu ilikuwa watoto wao, na wala si kwa ubaya wao. Walikuwa na mtoto wa kiume na wa kike, kila mmoja na mji wake, na kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine ilikuwa safari ya siku nzima. Mwaka mmoja nyuma walikuja wote kuwatazama wazazi, na Mkaguzi akiwa jikoni anaosha vikombe, aliwasikia wakinong'ona barazani.

"Baba akishindwa, mimi namchukua," kaka alisema. "Kwangu hakuna ngazi."

"Na Mama nitamchukua mimi," dada alijibu. "Wote wawili mtu mmoja hawezi. Hata nyumba zenyewe hazitoshi."

"Yeyote atakayetangulia kushindwa. Hapo ndipo tutafunga nyumba hii."

Walisema kwa huruma, sauti zao zikiwa chini, wameshikana mikono pengine. Lakini Mkaguzi alibaki ameshika kikombe kwenye maji mpaka maji yakapoa. Waligawanywa hivyo, huyu huku na yule kule, kama vyombo vya msiba. Miaka arobaini na sita hakuwahi kulala usiku mmoja bila kuisikia pumzi ya yule mzee pembeni yake, isipokuwa alipokwenda kujifungua. Akaapa moyoni kwamba atakayetangulia kushindwa hatakuwa yeye.

Kwa hiyo alijikaza kisabuni. Alihesabu hatua kutoka chumbani hadi jikoni. Alifunga uzi mwekundu kwenye chupa ya dawa zake na kamba ya viatu kwenye chupa ya dawa za mzee. Alimwambia mzee amsomee namba ya mashine ya sukari "ili ubongo wako usishike kutu", naye mzee, msoma mita wa damu, alizisoma kwa madaha, tarakimu baada ya tarakimu. Alipovunja kikombe alisema kimeteleza. Alipoweka chumvi kwenye chai alicheka kwanza, kabla mzee hajasema kitu, na mzee akacheka naye, akasema afadhali chumvi, sukari wamekatazwa.

Kilichomuuma zaidi ni jinsi mzee alivyomwamini. Alikuwa mtu wa kushuku kila kitu. Kazini aliwachukia wasoma mita waliokaa kivulini na kukadiria namba za nyumba ambazo hawakufika. Aliwaita wezi. "Hujaona, usiandike," alikuwa akisema, na alikuwa akilisema hata kwa watangazaji wa hali ya hewa redioni. Mtu huyo, mbele ya mkewe, alinyoosha miguu, akaegemeza kichwa, akafumba macho kwa raha. Na mkewe, asubuhi baada ya asubuhi, akamwandikia namba ambayo hakuiona.

Mara moja karibu aseme. Ilikuwa siku ya mvua, taa zimekatika, na mzee mwenyewe akasema, "Leo giza, acha tu, utaangalia kesho." Mlango ulikuwa wazi kabisa, ilibaki yeye kupita. Akafungua kinywa.

"Wewe huachi siku," mzee akaongeza, akimpapasa kichwani kwa mkono wake mpana. "Nikiwaambia watu kwamba mke wangu hajaacha hata siku moja, wananiona mwongo."

Akafunga kinywa. Akaushika mguu gizani. Kwake giza na mwanga vilikuwa vimeshakuwa ndugu.

Harufu aliisikia wiki ya pili ya mvua. Ilikuwa hafifu, ya utamu mbaya, kama tunda lililosahauliwa kabatini. Ilijichanganya na ile dawa kali ya kuchua ambayo mzee alijipaka magotini asubuhi na jioni mpaka nyumba nzima ikanuka duka la dawa.

"Mzee, kuna kitu kinanuka miguuni kwako."

"Soksi hizo. Hazikauki na mvua hii."

Alizifua soksi upya, akaziweka juu ya jiko zikauke. Kesho yake harufu ilikuwepo. Akapapasa mguu wa kulia mara mbili, mara tatu. Chini ya kidole gumba palikuwa na sugu, ileile ya miaka yote, pengine imevimba kidogo, pengine haikuvimba. Alibonyeza. "Unasikia maumivu?" Akajicheka mwenyewe kwa kuuliza swali hilo, na mzee naye akacheka. Hasikii kitu, huo ndio ugonjwa wenyewe.

"Imepita," akasema. Safari hii kofi la gotini lilikuwa dogo mno.

Siku nne baadaye mzee aliamka anatetemeka. Meno yaligongana. Alipojaribu kusimama alianguka juu ya stuli, na aliposhikwa paji la uso alikuwa wa moto. Majirani wawili walimbeba hadi kwenye gari, na Mkaguzi akafuata akiwa ameshika kitasa cha mlango, halafu shati la jirani, halafu ukingo wa kitanda cha hospitali, asiachilie kitu hata sekunde moja.

Muuguzi wa zamu alivua kiatu cha kulia, kisha soksi. Mkaguzi hakuuona uso wake, lakini aliisikia pumzi yake ilivyokatika. Akaisikia pia harufu, sasa ikiwa imefunguliwa, imejaa chumba. Muuguzi akaokota kiatu, akakigonga kwenye ukingo wa ndoo, na kitu kidogo kigumu kikaanguka ndani yake kwa mlio.

"Kokoto," muuguzi alisema. "Lilikuwa limejichimbia kwenye soli. Babu, umelikanyaga hili kwa muda gani?"

"Kokoto gani?" mzee aliuliza, akiwa nusu usingizini. "Mimi sijakanyaga kokoto."

Daktari alikuja, mtu mzima mwenye sauti ya taratibu. Alikata kidogo juu ya ile sugu, na kilichotoka Mkaguzi alikielewa kwa harufu tu. Daktari alipima, akatazama picha ya mifupa kwenye mwanga, akarudi akaketi.

"Nyumbani nani huwa anaangalia miguu yake?"

Mkaguzi alifungua kinywa. Mzee akamtangulia, kwa sauti iliyopasuka kwa homa lakini yenye fahari yote ya siku zote.

"Mke wangu. Kila siku ya Mungu. Hajaruka hata moja, daktari."

Mkaguzi alijua kwamba anatazamwa. Alijaribu kukisia uso wa yule daktari una nini, huruma au shutuma, na palikuwa na kivuli tu chenye koti jeupe.

"Hili jeraha lina wiki tatu," daktari alisema. "Pengine nne."

"Haiwezekani," mzee akajibu. Akajaribu kuinuka kwenye mto. "Wiki nne angeliona. Daktari, humjui huyu. Angeliona kabla halijaanza. Labda hivyo vipimo vyenu."

"Mzee, tulia," Mkaguzi alisema, na sauti yake mwenyewe hakuitambua.

Maambukizi yalikuwa yamefika kwenye mfupa na yalikuwa yanapanda. Daktari alieleza bila kuzunguka: mguu utakatwa chini ya goti, leo, la sivyo yatafika kwenye damu na hapo hakutakuwa na cha kukata. Mzee kwa homa ile hakuweza kushika kalamu. Fomu ikaletwa kwa mkewe, imebanwa kwenye ubao. Muuguzi akamwonyesha mahali pa kuweka sahihi, naye akaipeleka kalamu pale alipodhani ni hapo, ikaandika juu ya ubao, nje ya karatasi.

"Bibi, macho yako vipi?"

"Ni machozi tu, mwanangu."

Na machozi yalikuwepo kweli, kwa hiyo hakuulizwa zaidi. Muuguzi akamshika mkono, akauweka penye mstari, na Mkaguzi akaandika jina lake kwenye karatasi ya kumkata mumewe mguu. Ndivyo alivyoiona ile karatasi kichwani mwake siku zote zilizofuata. Kila mtu alimwambia ni karatasi ya kumwokoa. Aliitikia kwa kichwa, akashukuru, hakuamini.

Watoto walifika siku ya tano. Homa ilikuwa imeshuka na mzee alikuwa ameketi kitandani, mwembamba, shuka likiwa limelala bapa pale ambapo mguu wa kulia ungekuwa. Alikuwa ameshaanza mizaha. Alimwambia mwanawe kwamba kuanzia sasa fundi viatu atamfanyia nusu kazi. Mwana alicheka kwa adabu, kisha akatoka nje kidogo, akarudi akiwa amenawa uso.

Halafu yakaanza yale ambayo Mkaguzi aliyasubiri mwaka mzima.

"Baba, tumezungumza," mwana alisema. "Ile nyumba ina ngazi, kiti cha magurudumu hakipiti. Utakuja kwangu. Chumba kipo tayari, cha chini, na choo kiko karibu."

"Na Mama atakuja kwangu," binti akasema haraka, kama anayemeza dawa chungu. "Kwa muda tu, Mama. Mpaka tujipange."

Mikono ya Mkaguzi ilikuwa juu ya kitanda, karibu na mguu wa kushoto.

"Mnasikia," mzee akasema. Mzaha ulikuwa umemtoka sautini. "Kwako nitakuja, mwanangu, na nashukuru. Lakini sharti moja. Mkaguzi wangu anakuja nami. Mguu huu mmoja uliobaki hauangaliwi na mtu mwingine. Si wewe, si muuguzi, si mkwe wangu na heshima zake zote. Ule wa kwanza umeponyoka kwa bahati mbaya, sijui ilikuwaje, madaktari wana maneno mengi. Huu anautunza yeye. Bila yeye nirudisheni nyumbani nikafie kwenye ngazi zangu."

Wakatazamana. Mkwe, mke wa mwana, ambaye tangu waingie alikuwa amesimama nyuma kabisa na mkoba wake, ndiye aliyekata shauri.

"Waje wote," alisema. "Kitanda kipana kitaingia. Watoto wangu watalala sebuleni, hawatakufa."

Binti akaanza kulia kwa faraja, akamkumbatia wifi yake. Mwana akapumua. Na Mkaguzi akakaa palepale, akijua kwamba amepewa kila alichokitaka. Kitanda kimoja, nyumba moja, pumzi ya mzee ubavuni mpaka siku ya mwisho. Kilichotakiwa kwake kilikuwa kunyamaza tu, kazi ambayo alishaizoea.

"Hebu waonyeshe," mzee akasema, naye amechangamka. Akausukuma mguu wa kushoto nje ya shuka. "Waonyeshe kazi inavyofanywa. Mkwe, sogea uone. Huyu anaanzia kisigino, haruki."

Wote wakasogea. Aliwasikia wakisogea, akasikia manukato ya mkwe yakikaribia. Akauchukua mguu mikononi. Ulikuwa mzito, wa vuguvugu. Akainamisha uso kama kawaida yake. Kisigino. Wayo. Kando ya nje. Hakuna aliyekohoa, walikuwa wanatazama kwa heshima, kama watu wanavyomtazama fundi hodari.

Chini ya kidole kidogo, vidole vyake vilikuta kitu. Kilikuwa kigumu, saizi ya kifungo cha shati. Akarudi, akakipapasa tena. Pengine sugu. Pengine kigaga. Pengine ngozi imepasuka na ndani kunachemka kama kwenye ule wa kulia. Akabonyeza, akasikiliza kwa ncha za vidole kwa nguvu zake zote, na vidole havikumwambia kitu. Akavuta hewa kunusa, akanusa dawa za hospitali na manukato ya mkwe.

"Imepita?" mzee aliuliza.

Neno lilikuwa ulimini. Lilikuwa limeshajipanga, tayari kutoka lenyewe.

"Mkwe," alisema Mkaguzi. "Njoo uangalie hapa, chini ya hiki kidole kidogo. Niambie ni nini. Mimi sioni."

"Vaa miwani, Mama," binti yake alisema.

"Miwani nimevaa. Sioni. Sikuoni wewe, simwoni baba yako. Sioni mguu."

Mkwe aliinama. Alitazama kwa muda mrefu, pengine kwa sababu hakujua afanye nini baada ya kutazama. "Ni sugu tu, Mama," akasema polepole. "Ngozi nzima. Hakuna kitu."

"Anatania," mzee alisema. Akacheka kidogo, peke yake. "Huyu na mizaha yake."

Wodini kule mbali mtu alidondosha sahani ya bati, ikazunguka sakafuni mpaka ikatulia.

"Tangu lini?" mzee akauliza. Sauti ilikuwa ndogo, haikuwa ya mtu wa kuita mzigo uko mezani.

"Tangu kabla ya mvua."

"Kabla ya mvua," mzee akarudia, na kila mtu mle ndani alijua kwamba anahesabu, maana alikuwa mtu wa namba. Wiki nne za daktari ziliingia zote ndani ya hesabu ile, na nafasi ikabaki.

"Nilikuwa napapasa," Mkaguzi alisema. "Nilidhani mkono utatosha. Niliogopa watatutenganisha."

Alingoja. Kama uso wa mzee ulikuwa umejaa hasira, au umelowa machozi, au umegeukia ukutani, hakuwa na njia ya kujua, na kumuuliza mtu mwingine ni aibu ambayo hakuiweza. Mguu wa kushoto ulikuwa bado mikononi mwake. Akaanza kuusugua taratibu kwa kidole gumba, juu ya wayo, kwenda na kurudi, kama mtu anayeomba msamaha na ameishiwa maneno. Lakini mguu ule haukuwa na hisia. Mzee, popote alipokuwa anatazama, hakujua kama ameshikwa au ameachwa. Mkaguzi alilijua hilo. Akaendelea kuusugua.